Mikono Iliyobaki na Nyumba

Asubuhi Régine alipokabidhiwa ufunguo, chokaa ya ukutani ilikuwa bado mbichi, na mikono ya Agnès, aliyekaa humo kabla yake, ilikuwa bado imeshika mwimo wa mlango, mikono tu bila mwili. Mafundi walikuwa wamepaka kuizunguka. Tone moja la chokaa lilikuwa limekaukia kwenye ukucha.

Ilikuwa mwaka 1952, katika kambi moja ya wafanyakazi Élisabethville. Kampuni ya madini ilikuwa na safu ya nyumba tupu zilizochakaa. Ikazitia saruji na mabati mapya, ikazigawa kwa watu wa mshahara mdogo. Sharti lilikuwa mke asome foyer, shule ya akina mama, ajifunze kushona, kupika na kupanga nyumba. Akishindwa ukaguzi, nyumba inarudi. Liévin, mume wa Régine, alikuwa kibarua wa reli ya kampuni, na mpaka siku hiyo walilala na watoto wao jikoni kwa shemeji. Nyumba hiyo Régine aliitaka kama mgonjwa anavyotaka maji.

Akaisalimia ile mikono, maana hata mgeni ana adabu zake. Ikaachia mwimo, ikashuka, ikachukua ufagio.

Jirani yake Brigitte alimweleza huku akichambua sombe, majani ya muhogo. Nyumba haikuwa tupu kwa kupenda. Mume wa Agnès alikufa mgodini, na nyumba ya kampuni si ya mjane.

"Balimuvuta, ye akashika mulango," alisema. "Camion haikungoja. Njo mikono ikabakia."

Régine hakuuliza zaidi. Tuseme kweli: aliihitaji mikono ile. Alikuwa mtu wa jembe, na sindano ilimkimbia tangu utotoni. Mikono ilikunja mashuka, ikasonga ugali wa bukari, ikatarizi mapazia. Mademoiselle, mwalimu wa foyer, alipokuja kukagua, alipitisha kidole juu ya kabati na hakikuchafuka. Akampa Régine zawadi ya kwanza, pasi ya makaa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Hapa aliyepona alikuwa mgeni.

Kisha Casimir, dereva wa lori lile lile lililomchukua Agnès, akarudi na unga kutoka Mitwaba, kwao Agnès. Régine alimuuliza, basi tu, kama alimwona Agnès.

"Eko kwa mama yake," Casimir alisema. "Mama ni muzee, na bado mama njo anamulisha Agnès, anamuvalisha, sawa mutoto."

Régine akaketi chini pale pale uani. Hakujua alikuwa amedhani nini muda wote huo. Labda kwamba huko kwao mikono mingine huota. Aliona aibu, na aibu hiyo ilikuwa na uzito zaidi kuliko hofu ya kurudi jikoni kwa shemeji.

Akaenda foyer bila hata kuvaa viatu.

"Mademoiselle, ile mikono iko na mwenyewe. Tuirudishe. Kama mutakamata nyumba, mukamate."

Mademoiselle alisikitika kwelikweli. Akamwita karani Symphorien, naye akaeleza utaratibu, kwanza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili: mjane aliruhusiwa kubeba vitu vyake vyote. Alichoacha kilikarabatiwa pamoja na nyumba, na kilichokarabatiwa ni cha kampuni, kama mlango, kama bati. Hakuna aliyepandisha sauti. Mademoiselle akasema Régine atabaki na nyumba yake, kwa kuwa amesema ukweli. Ila mikono yenye ujuzi namna ile ni hasara kuifungia katika nyumba moja. Ihamie foyer, ifundishe na wengine.

Alhamisi somo lilikuwa kumlisha mtoto. Mikono ya Agnès, imevikwa mikono ya sare nyeupe, ilishika bakuli la uji na kijiko. Mademoiselle alitaka mtu wa kuwa mtoto, akamchagua Régine, naye akakaa kwenye kigoda mbele ya wenzake. Mkono mmoja ukamshika kidevu kwa upole. Wa pili ukaleta kijiko, haukumwaga kitu.

"Muangalie vile hautetemeke," Mademoiselle aliwaambia akina mama.

Régine akafungua mdomo, akameza.