Jezi Niliyoipanua

Mjukuu wangu alipokwenda kununua jezi yake ya baiskeli nilikuwepo. Nalitanguliza hili ili mtu asije akadhani sikuambiwa. Niliambiwa. Muuzaji alinieleza polepole kama anayemlisha mtoto uji, nami nikawa naitikia kwa kichwa huku moyoni nina langu.

Nimeshona sare za shule miaka thelathini na sita. Kila sare iliyotoka mikononi mwangu ilikuwa na nafasi: pindo nene la kushushwa mwakani, na ubavuni kitambaa cha ziada kilichofichwa ndani ya mshono. Wazazi wakija huniambia, "Fundi, muachie ya kukulia." Hata wasiposema, naacha. Kwangu mimi nguo inayobana ni nguo ya fundi mchoyo. Macho yangu yamezoea hivyo, na macho yakishazoea hayaulizi tena.

Huyu mjukuu nimemlea tangu wa kubebwa mgongoni. Sasa ana miaka ishirini na mmoja, mchana anafanya kazi kwenye duka la kutoa nakala, alfajiri na jioni yuko juu ya baiskeli. Wenzake wa klabu wanamwita Sindano kwa wembamba wake. Mwaka ule kocha alikuwa anatafuta watu sita wa kwenda kwenye mashindano makubwa. Watano walishajulikana. Nafasi moja ilibaki, na ingeamuliwa kwa mbio za Jumapili. Mtoto alikuwa haongei kitu kingine. Hata akisinzia nadhani alikuwa anakanyaga pedali.

Dukani alitoka kwenye chumba cha kujaribia nguo akiwa amejivuta tumbo kidogo.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "hiyo umeivaa au umechorwa?"

"Bibi, jamani, watu wanasikia."

Muuzaji akacheka. "Bibi, usimwangalie akiwa amesimama. Nani anaendesha baiskeli wima? Ngoja."

Akampandisha kwenye baiskeli iliyofungwa kwenye stendi, akamwinamisha. Nakiri kwamba nguo ilikaa. Mbele ilikuwa fupi ili isikunjamane tumboni, nyuma ilishuka ikafunika kiuno. Kwapani haikumkata. Kisha yule muuzaji akamjazia mifuko mitatu ya mgongoni: tyubu ya akiba, pampu ndogo, simu, ndizi mbili. Akamwambia ajitikise kushoto na kulia.

"Vimecheza?"

"Havijacheza."

"Basi ndiyo saizi yako. Bibi, mifuko hii haijishiki yenyewe. Inashikwa na mwili. Jezi ikilegea, mzigo unayumba, mwisho unaruka nje."

"Lakini mtoto amebanwa," nikasema.

"Hajabanwa, Bibi. Imemkaa."

Nikanyamaza. Mimi nikinyamaza watu hudhani nimekubali.

Siku tatu baadaye alirudi kutoka mazoezini, akavua, nikaona alama ya lastiki imemzunguka kiunoni kama kamba. Aliponawa nikamuuliza inauma? Akasema wala hajui kama ipo. Nikamwona pia uani, amepanda baiskeli, anapeleka mkono mgongoni kutoa ndizi, inamchukua muda kuichomoa. Nikajisemea, mifuko midogo hii, na mtoto ana aibu ya kusema. Nilivyomjua mimi, ana aibu ya kusema.

Jumamosi mchana alipeleka baiskeli kwa fundi ikaguliwe breki na mnyororo. Nikajua atachelewa, maana yule fundi baiskeli kwa maneno hana mpinzani. Nikaitoa jezi kwenye kamba. Nikafumua ubavu wote wawili kwa wembe, nikaingiza ukanda wa kitambaa cha rangi ileile niliyokuwa nayo, upana wa vidole vitatu kila upande. Nikatoa lastiki ya chini. Midomo ya mifuko nikaipanua ili mkono uingie bila kuhangaika. Nikapiga pasi ya moto mdogo. Kazi ilikuwa safi. Hata leo, ukiileta jezi ile mbele ya mafundi kumi, watakuambia ni kazi safi, na hilo ndilo linaloniuma.

Nilitaka kumwambia jioni ile. Aliporudi alikuwa anachekacheka, akala upesi, akaingia kulala mapema, nikaona nitamwambia asubuhi. Asubuhi akavaa kwa haraka, akasimama katikati ya chumba akijipapasa mbavuni.

"Bibi, mbona kama imelegea?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Jezi yake ya zamani, iliyopauka lakini ya saizi yake, ilikuwa imekunjwa juu ya kabati, hatua mbili kutoka aliposimama. Angeivaa na mambo yangeisha.

"Inazoea mwili," nikasema.

Akaniamini, akavaa koti juu, tukatoka.

Mbio zilikuwa za mizunguko mitatu. Mimi nilisimama kwenye mstari wa kumalizia pamoja na jamaa za wachezaji na thermosi zao za chai. Mzunguko wa kwanza Sindano akapita wa pili, nyuma tu ya msichana anayeongoza. Watu wakaniambia hongera Bibi. Lakini mimi sikumwangalia uso. Niliangalia mgongo. Jezi ilikuwa imejaa upepo kama foronya kwenye kamba ya nguo, na mifuko ilikuwa inapiga huku na huku, kila akikanyaga inampiga kiunoni. Mara mbili nikamwona anaachia mpini kwa mkono mmoja, anasukuma vitu virudi ndani. Mama mmoja akasema, "Huyu mbona amevaa nguo ya kaka yake?" Wenzake wakacheka.

Mzunguko wa pili akapita wa tatu. Mzunguko wa tatu hakupita.

Yaliyotokea nilihadithiwa na fundi baiskeli, aliyekuwa kwenye pikipiki ya nyuma. Kwenye daraja lenye mashimo, mfuko ulifunguka wote, pampu na tyubu vikaruka, naye hakusikia. Kilomita chache mbele tairi likatoboka. Kwenye mbio zile kila mtu hutengeneza mwenyewe, hairuhusiwi kusaidiwa. Fundi alisimama pembeni na vifaa vyake vyote mkononi, akimtazama anapeleka mkono mgongoni, anapapasa mfuko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akatoa simu na ndizi moja.

"Bibi, pancha ile ni ya dakika nne kwake," fundi akaniambia. "Nimemfundisha mwenyewe. Nne tu."

Alifika akiburuta baiskeli, viatu kashika mkononi, miguu ina vumbi. Kocha akamwekea mkono begani. "Pole, Sindano. Nafasi ilikuwa moja." Ikaenda kwa msichana aliyekuwa nyuma yake mizunguko yote miwili.

Nyumbani alivua jezi, akaigeuza ndani nje, akakaa nayo kitandani. Nilikuwa mlangoni.

"Bibi, huu mshono ni wako."

"Ni wangu."

"Nilikuuliza asubuhi."

"Uliniuliza."

"Ungeniambia tu, ningevaa ile nyingine."

"Najua, mwanangu. Nilitaka upumue."

"Nilikuwa napumua, Bibi."

Hakupandisha sauti. Angenipigia kelele ningejua pa kushika. Aliikunja jezi vizuri, kama nilivyomfundisha kukunja, akanipa.

Nilijaribu kuirudisha. Kitambaa kile si kama cha sare. Ukishakitoboa kinabaki na vitundu, na ubavu uliofumuliwa mara mbili hujikunja kama mdomo wa mzee. Nilifumua, nikashona, nikafumua. Ile timu ilipokwenda, alikwenda kuwasaidia kufunga baiskeli juu ya gari, akarudi, akala. Kunisemesha ananisemesha. Shikamoo yake ipo kila asubuhi. Ila ile ya kunitania, ya kuniuliza mume wetu amelala wapi, ilipungua, kisha sikumbuki ilikoma lini.

Msimu uliofuata nikamwona ameanza kushinda tena. Nikajua amenunua jezi nyingine, maana kwenye picha za klabu yuko na ya bluu. Hapa nyumbani sijawahi kuiona ikianikwa.

Juzi nilipita kwa fundi baiskeli kumwomba mafuta ya cherehani. Nikaikuta ile jezi ya bluu imetundikwa kwenye msumari, juu ya meza ya kazi, imefuliwa, inanukia sabuni. Fundi alinifuata macho, kisha akaanza kufuta spana iliyokuwa safi.

"Ameniomba nimtunzie hapa," akasema mwishowe. "Nyumbani, sijui, anasema nafasi ndogo."

"Ni kweli," nikasema. "Nafasi ndogo."

Akainama kutafuta mafuta. Nilibaki peke yangu na ile jezi kwa muda kidogo. Mikono nikaiweka nyuma, nikaiangalia kwa macho tu.