Matoleo Yote ya Picha 731

Mimi ndiye niliyesema picha za karatasi hazina kazi tena. Nilisema hivyo mwaka 1997, nimesimama mbele ya wenzangu wote katika ofisi yetu ya kutafuta watoto, hapa Gisenyi, mpakani na Kongo, nikiwa na cheti cha kompyuta kutoka Dar es Salaam na kiburi cha kujaza gunia. Nilikulia Tanzania. Nilirudi nchi ya wazazi wangu nikidhani nimekuja kuwafundisha watu.

Tulikuwa na picha mia tisa za watoto waliopotezana na wazazi, zilizopigwa Goma mwaka uliotangulia, kambi za wakimbizi zilipovunjika, kabla vita havijawatawanya tena. Kila mtoto ameshika kibao cha namba kifuani. Niliziingiza zote kwenye kompyuta kwa skana, nikaziweka katika programu ya kutunza matoleo, ile wanayoitumia mafundi wa kompyuta: ukibadilisha faili, toleo jipya linawekwa na la zamani linabaki palepale. Nilitaka kuzing'arisha picha bila kupoteza zilivyokuwa mwanzo. Mafaili yalikuwa makubwa na diski ilikuwa ndogo, kwa hiyo nilipomaliza nikafuta yale niliyofanyia kazi. Programu si inayo? Nikajisifu.

Picha za karatasi nikazigawa. Nyumba nyingi hapa ziliungua na kila kitu ndani. Mtu hana hata sura moja ya mwanawe. Wanawake walikuja, wakatazama ukutani nilikozibandika, wakanyoosha kidole. Nilijua wengine wanachukua mtoto aliyefanana tu na wa kwao. Sikuwauliza sana. Niliandika jina la anayechukua kwenye daftari, nikampa. Wachache waliowapata watoto wao baadaye waliwapata kwa majina, kwa hiyo hakuna aliyefungua picha kwenye mashine kwa miaka miwili.

Machi 1999, Jumanne ya mvua, akaja mama mmoja kutoka Nyakiriba anaitwa Mukandutiye. Alikuwa ametoka misitu ya Kongo miezi mitatu tu iliyopita.

"Bwana, mi natafuta mutoto. Ingabire. Nilimupoteza siku kambi ilivunjika. Alikuwa na miaka tano."

Nikapekua orodha. Ingabire, mama Mukandutiye, Nyakiriba: namba 731. Ijumaa hiyo gari letu lilikuwa linapeleka Masisi, huko Kongo, kitabu cha picha chache tulizoletewa na wazazi, kwa padri aliyekuwa na watoto kumi na wawili wasiokumbuka majina ya kwao. Mtoto wa miaka minane aliyepotea akiwa na mitano anaweza kuwa ameshapewa jina jingine. Kitakachomtambulisha ni sura.

"Yupo, mama. Kaa hapa nikuonyeshe."

Nikafungua. Zikatokea nywele, paji la uso, na ncha ya unyusi mmoja. Chini yake mistari ya kijivu na waridi mpaka mwisho.

"Ni yeye," Mukandutiye akasema, kiti kikamshinda kukaa. "Teremusha kidogo, nione macho."

Hapakuwa na cha kuteremsha. Nilimwambia mashine imechoka, arudi keshokutwa. Nilimdanganya mtu aliyetembea tangu alfajiri.

Jumatano nzima nilihangaika. Nilikagua diski: nzima. Nilijaribu kwenye kompyuta nyingine: mistari ileile. Nikaomba toleo la kwanza, lile la kabla ya kung'arisha. Likaja. Nywele, paji, unyusi, mistari.

Nilikipata kisa saa tisa alasiri, kwenye kitabu cha maelezo, ukurasa ambao ningeusoma mapema kama ningekuwa na akili. Programu ile hudhani kila faili ni maandishi. Kila ikikuta alama inayofanana na mwisho wa mstari, huinyoosha kwa kufuata kanuni zake. Ndani ya picha alama ileile ni sehemu ya shavu, ni sehemu ya jicho. Kuna herufi mbili za kuandika unapoingiza picha, kuiambia hii si maandishi, usiiguse. Sikuziandika. Mara mia tisa sikuziandika. Matoleo yote yalikuwa yametunzwa, na yote yalitunzwa yakiwa yameshakufa.

Nikalia pale mezani, sioni haya kusema. Kisha nikafungua daftari. Picha 731 ilichukuliwa na Verediane, wa Cyanzarwe.

Alhamisi asubuhi Mukandutiye aliporudi nilimweleza yote, tukaenda naye. Verediane alitusikiliza mlangoni hadi mwisho.

"Nilimuzika," akasema.

Binti yake aliuawa na mwili haukupatikana. Alikuwa ameiweka ile picha ndani ya kopo la maziwa ya unga, akachimba nyuma ya nyumba, majirani wakaja wakakaa naye kilio hadi kikaisha.

"Huyo ni wangu, dada," Mukandutiye akamwambia taratibu. "Labda iko muzima."

Verediane akageuka kutazama nyuma ya nyumba.

"Nilijua si wangu. Wangu alikuwa na pengo mbele. Lakini nilikuwa na haja ya mutu wa kuzika."

Akaingia ndani, akatoka na jembe, akachimba mwenyewe. Hakutaka nimsaidie.

Kopo lilikuwa limeshika kutu. Ndani, picha ilikuwa imezungushiwa kipande cha kitenge sehemu ya juu.

"Nilimufunika uso," Verediane akasema. "Udongo isimuingie kwa macho."

Kitambaa kilikuwa kimekunywa maji ya mvua mbili. Nilikifungua polepole kuliko nilivyowahi kufanya kitu chochote, na uso ukatoka nacho. Kikabaki kibao, namba 731, na mikono midogo miwili iliyokishika. Verediane akaangua kilio kama siku ile ya kwanza. Mukandutiye hakulia. Alivipapasa vile vidole kimojakimoja.

"Weka mikono," akaniambia.

Tulirudi ofisini. Niliiingiza ile mikono kwenye kompyuta, nikaandika zile herufi mbili, nikaitoa tena kuijaribu. Ilitoka safi kabisa, mpaka tope la kwenye kucha. Toleo la tatu. Nikachapisha, nikaibandika kitabuni, na Ijumaa gari likaondoka.

Kitabu kilirudi baada ya wiki mbili. Kando ya ile mikono padri alikuwa ameandika kwa kalamu: Nimewaomba watoto wote wanyooshe mikono. Nimeitazama sana, sikumtambua. Nisameheni.

Mukandutiye alipokuja nikamsomea.

"Walinyoosha wote?" akauliza.

"Wote, mama."