Foleni Iliyoinamia Kulia

Mama Herufi, fundi wa mabango, alikuwa na aina moja ya herufi aliyoipenda kupita zote: nene, za mlazo, zenye vijiguu vilivyochongoka kwenye ncha, kila moja imeegemea kulia kama mtu anayekimbilia basi. Alizitumia kutangaza mbio za baiskeli, viatu vya bei poa na ufunguzi wa saluni. Maelezo marefu hakuyaandika kwa herufi hizo hata siku moja. "Hizi ni za kupiga kelele," alikuwa akisema. "Zikizidi maneno matano ni ugomvi."

Lakini ofisi ya vyeti vya kuzaliwa ilipomwagiza bango la TAFADHALI SUBIRINI, mapenzi yakamzidi akili. Akaliandika kwa herufi zilezile, kila moja ndefu kama mkono wake.

Kesho yake shangazi yake akampigia simu kutoka kwenye foleni.

"Mwanangu, umetufanyia nini? Huku sote tumepinda!"

"Mmepinda vipi, shangazi?"

"Kulia. Bango linasema tusubiri, miguu inataka kukimbia. Njoo kabla sijaanguka."

Alipofika, akaona shangazi hakutia chumvi. Watu arobaini walikuwa wameinama mlazo mmoja, wanahema. Mzee asiyejua kusoma ndiye pekee aliyesimama wima, na nusu ya foleni ilikuwa imemwegemea.

"Nimefuata cheti," akalalamika, "sikuja kuwa nguzo!"

Mkuu wa ofisi akatoka mbiombio. "Wewe fundi! Lishushe hilo bango upesi!"

Akalishusha, akaandika jingine kwa herufi nyembamba za wima. Watu wakanyooka, wakatulia. Shida ni kwamba makarani nao walikuwa wametulia tangu mwaka uanze. Saa nzima ikapita, foleni haikusogea hata hatua moja.

Mama Herufi akawatazama makarani, akatazama brashi yake. Akaligeuza lile bango la kwanza, akaandika nyuma yake, nene na kwa mlazo: ANAYEFUATA! Kisha akaingia ndani akalitundika mbele ya macho yao.

Karani wa kwanza akaliinulia uso, akainama kulia, akaanza kugonga mihuri. Wenzake wakafuata. Ilipofika adhuhuri foleni ilikuwa imekwisha. Hata fundi bomba aliyekuja kutengeneza choo alitoka na cheti chake, na mkuu wa ofisi alipewa viwili alipopita kwenda kunywa chai.

Shangazi akatoka nje, akavaa miwani, akasoma chake.

"Mbona hapa wameandika nitazaliwa Alhamisi ijayo?"

"Rudi ndani wakurekebishie, shangazi."

Shangazi akachungulia dirishani. Mihuri ilikuwa ikidunda kama mvua ya mawe, karatasi zinaruka.

"Sithubutu," akasema, akikunja cheti na kukitia mkobani. "Acha nizaliwe hiyo Alhamisi."