Marahaba ya Fundi Romani

"Unausikia huo?" Albano aliuliza, ameinama juu ya msumeno uliokuwa ukinguruma mezani. "Kama kuna kitu kinagonga ndani."

Romani aliiona midomo ya rafiki yake ikicheza. Akadhani ameulizwa kama kazi imekwisha. Ungemlaumu? Siku nzima watu walikuwa wakimuuliza hilo hilo.

"Umekaa," akajibu, akainua kidole gumba.

"Una hakika?"

"Umekaa, bwana! Mie si wa leo."

Albano akacheka, akampiga begani. Fundi Romani akisema umekaa, umekaa. Pale Keko neno hilo lilikuwa linatosha. Maseremala waliokuwa wamesogea kutazama walirudi kwenye makochi yao, na Hamisa, karani wa ushirika wa wakata kuni, akaandika kwenye daftari lake kwamba msumeno umepona.

Kupona ndilo neno lenyewe, maana ulikuwa umekufa, tena mara tatu. Romani aliuunda kutoka kwenye misumeno mitatu mibovu ya mnyororo, mizito, ile ya kampuni za mbao za wakati wa Mwingereza. Silinda ilitoka kwenye mmoja, kabureta kwenye wa pili, na ile sproketi inayozungusha mnyororo ilitoka kwenye wa tatu, uliokuwa mkongwe kuliko yote. Alikaa siku tatu na tupa akilipanua tundu la moshi, taratibu, ili injini ipumue vizuri na iongeze nguvu. Halafu akaufunga upanga mrefu zaidi, ule bapa unaobeba mnyororo, kwa sababu safari hii haukuwa unakwenda kukata matawi. Ulikuwa unakwenda Mbagala, mikononi mwa Albano, kuangusha miembe mizee ambayo mtu mmoja hawezi kuikumbatia. Tangu dizeli ipande bei, Hashil mwenye tanuri la mikate kule Temeke alikuwa amerudi kwenye kuni, na ushirika ulikuwa umemwahidi lori la kwanza Jumatatu.

Msumeno ulikuwa mzuri, haki ya Mungu. Ulikuwa na nguvu kuliko ulivyozaliwa.

Tatizo ni kwamba Romani alikuwa hasikii.

Hasikii kabisa, mwaka wa pili huo. Miaka ishirini ya misumeno kwenye misitu ya Rondo, yeye na Albano bega kwa bega, ilikuwa imemla masikio kidogo kidogo. Albano alibaki na yake, sijui kwa nini. Aliyejua siri hiyo ni mkewe tu, Bernadeta, ambaye alijizoeza kumkabili usoni na kusema polepole, mlango ukiwa umefungwa.

Kazini alikuwa na njia zake. Ya kwanza ilikuwa kijiti cha mpingo, kirefu kama penseli, kilichokaa daima mfuko wa shati. Alfajiri, kabla wenzake hawajafika, aliwasha injini, akakiuma kijiti kwa meno na kuigusisha ncha ya pili kwenye silinda. Mtetemo ulimpanda hadi kwenye fuvu. Hapo aliweza kujua kama sailensa, ule mngurumo wa injini isiyo kazini, iko juu, kama beringi imechoka, kama mafuta ni machache. Meno yake yalikuwa yamejifunza kazi ya masikio.

Njia ya pili ilikuwa marahaba. Keko ina vijana wengi, na kijana akikukaribia mtu mzima, neno la kwanza linajulikana. Basi kila kijana aliyemsogelea na midomo ikacheza, Romani alimwahi: "Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Mara moja kijana mmoja alikuwa anamwomba kiberiti, naye akampa marahaba. Watu wakacheka sana, wakasema mzee ana mzaha huyu.

Ijumaa ile msumeno ulikamilika mchana, watu wamejaa. Kijiti kilikuwa mfukoni. Alikigusa, mara mbili. Lakini angekiumaje mbele ya kadamnasi yote ile? Wangeuliza ni nini, na jibu lake lingekuwa moja tu. Fundi wa injini asiyesikia injini ni fundi gani? Na miaka ile, mtu asiye na kazi mjini alikuwa anaambiwa bila kupepesa macho arudi kijijini akalime. Romani angerudi wapi? Kwao hakuwa na hata tuta la muhogo.

Kiganja chake, kilichokuwa kimeshika mpini, kilimwambia kitu. Kulikuwa na mtikisiko mdogo asioujua, unakuja na kupotea. Akajiambia ni pistoni inaizoea silinda. Akazima injini.

Siku ya pili yake, karibu na adhuhuri, alikuwa amekaa mezani akinoa mnyororo mwingine alipomwona Hamisa anakuja mbio kutoka barabarani, khanga imemwanguka begani. Nyuma yake lori la ushirika lilikuwa limesimama. Hamisa alifika mbele yake, midomo ikacheza.

"Marahaba, mwanangu," Romani akasema. "Hujambo?"

Binti akaganda. Midomo ikacheza tena, kwa haraka zaidi.

"Hawajambo nyumbani?" Romani akauliza, akitabasamu.

Maseremala wote waliusikia ujumbe ule. Hamisa alikuwa amesema, "Baba Romani, Mzee Albano amekufa. Msumeno umemkata." Halafu akarudia, "Amekufa, baba, tumemfikisha hospitali amekwisha." Na mzee anauliza wa nyumbani hawajambo!

Hamisa alijiziba mdomo akarudi nyuma, na hapo ndipo Romani alipotazama zaidi yake, kule kwenye lori. Bodi ya nyuma ilikuwa imefunguliwa. Msumeno ulikuwa umelala juu ya magunia, upanga umepinda, mnyororo haupo. Magunia yalikuwa na damu. Akatafuta uso wa Albano kati ya wale waliokuwa wakishuka. Akawatazama mmoja mmoja, akarudia tena kuwatazama.

Tupa ikamtoka mkononi.

Maneno hayakuchelewa kusambaa. Hadi jioni Keko nzima ilikuwa inajua kwamba Romani ameambiwa rafiki yake wa miaka amefariki, akaitikia marahaba. Wengine walisema ana roho ya jiwe. Wengine walikwenda mbali zaidi, wakasema huenda alikuwa ameujua msiba kabla haujafika, na mnajua maneno kama hayo yanaelekea wapi.

Bernadeta aliyasikia yote njiani. Alipoingia ndani alikuta mumewe ameufungua msumeno juu ya gunia sakafuni. Sproketi ilikuwa imepasuka vipande viwili. Romani alimwonyesha mahali ilipovunjikia. Nusu ya ufa ilikuwa nyeusi, imejaa grisi ya miaka. Nusu nyingine ilikuwa inang'aa.

"Huu mweusi ulikuwepo," akasema. "Ulikuwa unagonga. Nguvu niliyoiongeza mie ndiyo iliyoumalizia."

Bernadeta akakaa mbele yake, uso kwa uso. "Waambie husikii. Wanakusema vibaya mno, baba Eufrazia. Wanasema hukumpenda."

"Nikiwaambia sisikii, wataniuliza: basi Ijumaa ulisikia nini?"

Mkewe akakiokota kile kipande cheusi, akakirudisha juu ya gunia.

"Acha wanione mbaya," Romani akasema. "Mbaya ana afadhali."

"Afadhali ya nani?" Bernadeta akauliza, lakini alikuwa ameshainamisha kichwa, na Romani hakuiona midomo yake.

Mazishi yalikuwa kesho yake mchana. Waliporudi kutoka makaburini, uani kwa Albano sufuria zilikuwa tayari jikoni, na vijana wawili walikuwa wanapasua kuni kwa shoka. Hakuna aliyetaka kusikia habari za msumeno. Romani aliingia na kofia mkononi. Mazungumzo yalikatika, aliona yalivyokatika, vinywa vikifungwa kimoja kimoja kuanzia mlangoni. Kwenye mkeka wa wanaume hakuna aliyejisogeza kumpa nafasi. Akabaki amesimama.

Rosalia, binti wa Albano, akainuka kutoka kwa wanawake. Romani ndiye aliyekuwa baba yake wa ubatizo, ndiye aliyemshika siku ile kanisani akilia kama king'ora, na Albano akicheka pembeni. Sasa macho yalikuwa yamemvimba. Alivuka ua mzima, polepole, watu wote wakimtazama. Akafika, akapiga goti kidogo, midomo ikacheza.

"Shikamoo, baba," alisema.

Kila mtu alisikia. Ilikuwa shikamoo tu, ya mtoto kwa mzee wake.

Neno lilikuwa ulimini kwa Romani, limezoea njia. Akafungua kinywa. Halafu akalimeza, na kwa sauti kubwa isiyojipima akasema:

"Sisikii, mwanangu."

Rosalia akamtazama.

"Mie sisikii. Mwaka wa pili. Jana sikusikia nilichoambiwa, na Ijumaa..." Mkono ukaenda mfukoni, ukatoka na kijiti cha mpingo, kimejaa alama za meno. Alimwekea kiganjani. "Ijumaa baba yako aliniuliza kitu. Sikusikia alichoniuliza. Nikamwambia umekaa."

Mwanaume mmoja akainuka mkekani. Mwingine akamvuta akakaa. Bernadeta, kule jikoni, alikuwa amejifunika khanga usoni. Rosalia alikigeuza kijiti vidoleni, akipapasa zile alama, moja baada ya nyingine, kwa muda mrefu. Kisha akajinyoosha, akamshika Romani bega, akaweka mdomo kwenye sikio lake na kusema.

Romani aliisikia pumzi tu, ya moto, ikipiga sikioni na kukoma. Inaweza kuwa salamu. Inaweza kuwa laana. Kule nyuma shoka lilianza tena, na yeye akawa anayahesabu mapigo yake kwa nyayo, yakitetemesha ardhi, kichwa kimeinama, asijue aitikie nini.