Koti la Nyumba ya Mama

Kila Jumapili jioni Verna na mtalaka wake, Harlan, walikabidhiana mtoto kwenye kituo cha mafuta kilicho katikati ya miji yao, huko Kentucky. Amri ya mahakama ilisema nusu kwa nusu: wiki kwa mama, wiki kwa baba. Nguo nazo zilikuwa na kwao. Tessie, mwenye miaka saba, aliingia chooni na nguo za nyumba moja, akatoka na za nyumba ya pili, na kila mzazi akabeba zake, hadi soksi. Watu wazima wana akili zao.

Masika yale Tessie alianza kuwa mwepesi. Maharage na mkate wa mahindi alikula vizuri, ila akilala alielea juu ya godoro. Daktari alisema watoto wa zamu huwa hivyo, atafutiwe uzito. Verna akaokota mawe kijitoni, akayashonea kwenye upindo wa koti. Harlan naye akashona vyuma kwenye la kwake.

Jumapili moja choo kilikuwa kimefungwa, wakambadilishia nguo nje, baina ya magari.

"Koti lako libaki kwako," alisema Harlan, akipekua nyuma ya kiti. "Sitaki vitu vyako kwangu."

"Mama, nivue?"

"Vua, mwanangu. La baba yako linakuja."

Tessie akavua, akapaa hewani. Mteja aliyekuwa akijaza mafuta alisogeza gari ili ampishe. Verna alimdaka mguu wa kushoto, Harlan wa kulia.

"Mwachie, Verna. Wiki yangu imeshaanza."

"Nikimwachia anakwenda, Harlan."

Hakumwachia. Harlan akamshtaki kwa kuvunja amri.

Mahakamani Verna alilia bila kujificha. Aliomba koti moja tu, liende na mtoto nyumba zote mbili.

"Litakuwa la nani?" aliuliza jaji.

Verna alimtazama Harlan, Harlan akatazama viatu vyake. Jaji akaamuru mtoto afungwe kamba mbili zenye urefu sawa, moja kwa kila mzazi.

Sasa Jumapili hukutana palepale. Tessie anaelea juu ya paa la kituo, na kila akizidi kupaa, kamba huongezwa, sawa kwa sawa. Mwenye zamu hufunga yake kwenye gari, mwenzake hufungua. Verna hurudi nyumbani na koti mapajani, mawe yakiwa ndani.

Tessie huuliza kutoka juu leo ni zamu ya nani. Humjibu wote wawili, ila siku hizi inabidi wapaaze sauti.