Jina la Baba Mkwe

Nilikaa mbele kabisa mtumbwini, kanga kichwani, mgongo nimempa baba mkwe aliyekuwa nyuma akishika kamba ya tanga. Kwetu Wanyakyusa wanaoshika mila, mkamwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, na jina lake halitaji hata kwa bahati mbaya. Miaka sita nimeolewa Matema, kando ya ziwa, sijavunja hilo. Lakini barabara ilikuwa imekatwa na mvua, na mama mkwe, ambaye angekaa katikati yetu, mguu ulikuwa umemvimba. Mume wangu Aliko, askari wa majini, alikuwa anaondoka bandarini saa nne asubuhi hiyo na boti ya doria, miezi mitano. Mtoto wetu ana siku arobaini na hana jina. Kwenye ukoo wao jina anatoa baba mtu, amempakata mtoto mwenyewe. Nikasema tutakwenda, na tukaenda.

Njiani tulizungumza kwa kumtumia mtoto. "Mtoto, mbele kuna mwamba," nikamwambia. Nyuma baba mkwe akamjibu yeye: "Mjukuu wangu, nimeuona." Mtoto mwenyewe alilala fofofo.

Bandarini palikuwa hapatoshi. Meli ilikuwa ikipakia saruji, wafanyabiashara wanashusha mahindi ya Malawi, na boti mbili za kijivu za wanamaji zilishawasha injini. Askari akatupulizia filimbi turudi.

"Mtoto, mwambie babu asirudi," nikasema.

Hakurudi. Aliupenyeza mtumbwi katikati ya maboti mpaka ukagusa ngazi. Nikashuka na mtoto, yeye akabaki kuushikilia, maana mawimbi ya zile injini yalikuwa yanautupa huku na huku.

Langoni kwa wanamaji nilimkuta askari kijana ambaye kwa lafudhi tu ulijua si wa huku.

"Namtafuta Aliko."

"Aliko nani, mama? Tunao watatu."

Hapo nikakwama. Jina la pili la Aliko ndilo jina la baba yake.

"Aliko wa Matema," nikasema. "Mrefu. Ana pengo."

"Mama, sina orodha ya mapengo."

Nikaomba kalamu niandike, akasema ziko ofisini. Nikamwambia akamuulize yule mzee pale chini, akasema haachi lango. Nikamweleza mila yetu, akacheka. Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawa moto.

"Dakika kumi wanaondoka," akasema.

Nilitaka kulia, sikulia. Kilio kingemfaa nini mtoto? Nikajitanda kanga vizuri, nikapaza sauti izishinde injini:

"Aliko Anyosisye!"

Kule mtumbwini nikasikia kasia likidondoka majini. Sikugeuka. Nilijua nimemvunjia mzee heshima mbele ya bandari nzima, na niliona aibu kweli. Lakini askari alikuwa ameshalirudia jina kwenye redio yake.

Aliko akaja mbio, kamba za buti hajafunga. Akampokea mtoto, akamwangalia kwa muda ambao hakuwa nao.

"Nani amelitaja jina la mzee?" akauliza.

"Mimi."

"Wewe, Tusekile?"

"Mimi. Na nyumbani wakinitoza kuku wangu wote, nitatoa. Mpe mtoto jina, wanakuita huko."

Akatazama chini kwa baba yake, kisha akanitazama mimi. Akainama sikioni mwa mtoto. "Anyosisye," akasema.

Nilitamani kumzaba kofi.

"Sasa mimi nitamwitaje mwanangu?"

"Kama ulivyoita leo," akasema. Akanirudishia mtoto, akakimbilia botini.

Nikarudi ngazini taratibu. Baba mkwe alikuwa ameketi, kofia ameishusha hadi machoni, anatazama maji. Ningeweza kumwita mtoto "baba" tu, kama wanawake wengi wanavyofanya, maisha yakaendelea. Lakini jina hilo nimelivukia ziwa. Nikasimama juu ya ngazi, nikamwita mwanangu.

"Anyosisye."

"Naam, binti yangu," baba mkwe akaitika.