Kaburi Lililochimbwa kwa Hesabu ya Simu

Baba mdogo Mayala asinisalimie. Nimelisema hilo mbele ya ukoo mzima hapa Ushetu, na narudia.

Mama aliacha neno moja tu: udongo wa kwanza kaburini kwake autupe Stanslaus. Ni desturi yetu mtoto wa kwanza kuanza, lakini Mama alilitamka mwenyewe, amemshika baba mdogo mkono, naye akaitikia. Kaka yangu Stano anaendesha malori ya mgodi kule Perth, Australia. Kazi hiyo aliianzia kwenye mgodi wa hapo Bugarama. Nilipompigia kumwambia Mama hatunaye, alisema anapanda ndege kesho yake usiku, na nisikubali wazike bila yeye.

Asubuhi baba mdogo akasimama mbele ya waombolezaji na simu yake kubwa. Ameandika Perth, ameandika Mwanza, simu imempa kilomita elfu tisa na kitu, mwendo wa saa kumi na moja. Eti Stano akipanda leo usiku, kesho mchana yuko hapa, kwa hiyo vijana wachimbe kesho alfajiri.

Nikamwambia hakuna ndege inayotoka Perth ikaja kutua Mwanza. Stano anapitia Doha, anasubiri nyingine, anashuka Dar, anasubiri tena, ndiyo aje Mwanza, halafu kuna barabara ya Kahama mpaka huku. Simu imepiga mstari tu. Akanicheka. Akaniuliza ndege nimepanda lini, akanituma jikoni nikaangalie ugali. Na wanaume wazima, wenye ndevu zao, wakacheka naye. Mwiko niliubwaga chini kwa hasira.

Kwetu kaburi likishachimbwa halilali wazi. Analijua hilo kuliko sisi wote, na bado akachimbisha. Kesho yake jua linashuka, Stano ndiyo kwanza ametua Dar. Nililia, nikawashika watu miguu wasubiri. Baba mdogo akasema kijana amejivuta makusudi, uzungu umemwingia. Akainama, akachukua udongo, akaanza yeye. Jioni ileile wakamwaga saruji.

Mimi sikutupa. Udongo wangu niliufunga kwenye pindo la kanga.

Stano alifika siku iliyofuata mchana, macho yamevimba, begi bado liko begani. Alimwamkia baba mdogo shikamoo, kwa adabu zote, kisha akaitazama ile saruji.

"Nani ameanza?" aliuliza.

Baba mdogo akatoa simu mfukoni, akamsogezea kioo usoni. "Lakini mwanangu, hapa imeandikwa saa kumi na moja."

Nilitamani kumrukia. Badala yake nikafungua pindo, nikampa kaka udongo wake. Akapiga magoti, akautupa. Ukabaki juu ya saruji, haukufika kwa Mama.